Samaki Asiye na Kichwa

Mimi ni mdaku, na sioni haya kulisema. Mtu akifunua kapu sokoni, nitachungulia. Jirani akiinjika sufuria, nitauliza kuna nini ndani. Mume wangu husema ningefaa sana kuajiriwa kwenye vizuizi vya barabarani, nikague mizigo ya watu. Kwa hiyo siku ile nilipokuwa mashineni hapa mtaani kwetu Chanji, nikisubiri ulezi wangu usagwe, na kwenye simu ikajitokeza video ya samaki mwenye upanga puani, sikuweza kuipita.

Kwanza walimwonyesha mwenyewe akiwa amelazwa bandarini. Mrefu kuliko mtu, mgongo mweusi, jicho kubwa kama kisahani cha chai, na puani upanga kabisa, bapa na mrefu, si kitu cha kufananishwa na upanga. Mwalimu mmoja mwenzetu wa jumuiya, aliyetoka pwani, aliniambia baadaye kwamba huyo ndiye samaki upanga, na kwamba kwao yuko mwingine wa namna hiyo wanamwita nduaro, ila hakuwa na hakika kama ni huyohuyo au ni ndugu yake. Halafu akaonekana mama mmoja wa Italia, mnene wa mikono, akikata vipande vya unene wa vidole viwili. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, na mimi na Kiingereza tulikuwa tunasalimiana kwa mbali tu hata shuleni. Nikafuata kwa macho.

Akatia mafuta kwenye kikaango, akatia kitunguu saumu, akalaza samaki. Upande mmoja, kama muda wa kusali Salamu Maria chache. Akageuza. Muda uleule. Akamwaga nyanya, zeituni nyeusi, vitu vidogo vya kijani vya kwenye chupa ambavyo sijavijua jina mpaka leo, na divai kidogo. Basi. Kikaango kikaenda mezani kama kilivyo, watu wakaanza kuchovya mkate. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya kiroba cha mahindi, unga umenijaa kichwani, nikajiuliza: huyo samaki ameiva saa ngapi?

Nyumbani kulikuwa na jambo lililonikosesha raha. Baba mkwe wangu, mvuvi wa kijiji cha Wampembe ziwani tangu ujana, alikuwa akikaa nasi tangu majira ya mvua. Mama mkwe alikuwa amefariki, na mzee akabaki peke yake kule ziwani, hataki kuhama. Siku moja majirani walimkuta ameanguka mlangoni pake. Hospitali walimpima hiki na kile, mwisho wakasema mzee hana ugonjwa, ana njaa, na kwamba safari nyingine huenda asikutwe mapema hivyo. Mume wangu akashuka kumchukua, akamleta huku juu kwenye baridi. Na sasa mzee alikuwa ametangaza kwamba Jumamosi anarudi kwake na gari la samaki. Sababu aliyoitoa ni kwamba chakula cha huku hakimshuki.

Kauli hiyo iliniingia vibaya. Mimi nimezaliwa kwenye mahindi na ulezi, na watu wa ziwani wana utani wao kwamba sisi wa juu samaki tunamjua akiwa mkavu tu, kwamba tukimwona mbichi tunamuuliza kwao wapi. Nikikasirika huwa napiga deki, na wiki ile sakafu yetu iling'aa. Nilikuwa nimempikia mzee samaki wa migebuka kwa karanga, dagaa, kuku wa kienyeji, maharage yaliyokaangwa vizuri. Nilikuwa nampikia sangala, yule samaki mkubwa wa ziwani, mara kwa mara, jambo ambalo mshahara wa mume wangu wa pale ghala la mahindi haukulipenda. Kila siku alikuwa anamega matonge machache, anasukuma bakuli, ananishukuru kwa adabu. Adabu yake ndiyo iliyonichoma zaidi. Na chini ya hasira hiyo nilikuwa naogopa, maana nilijua akirudi kule peke yake atakufa, na nilijua mume wangu analijua hilo na hana la kufanya. Mtu mzima humfungi kamba.

Wala sikuwa nampa chakula ovyo. Nilimhudumia kama mama yangu alivyonifundisha baba mkwe ahudumiwe. Meza ndogo sebuleni, kitambaa safi, maji ya uvuguvugu ya kunawa, ugali wa ulezi wa moto, na bakuli la samaki ambalo ndani yake kipo kichwa. Kichwa ni cha mkubwa wa nyumba, hilo halina mjadala. Nikishaandaa, napiga goti, namkaribisha, naondoka na kurudisha pazia. Mkwe hasimami kumtazama baba mkwe akitafuna. Mimi na binti zangu wawili tunakula jikoni, na mume wangu, ambaye msimu wa mavuno hurudi giza limeshaingia, naye hula hukohuko jikoni na buti zake miguuni. Nikirudi sebuleni kuondoa vyombo nakuta kile kichwa kiko palepale, kinanitazama.

Niliporudi kutoka mashineni, mzee alikuwa barazani anaota jua, koti limefungwa mpaka shingoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umesaga?"

"Nimesaga."

Kwa kawaida maongezi yetu yaliishia hapo. Lakini ile video ilikuwa bado inaniwasha, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumwonyesha. Nikachuchumaa pembeni, mbali kidogo kama inavyotakiwa, nikanyoosha mkono na simu.

"Baba, umewahi kuona samaki mwenye upanga puani?"

Alinitazama kama anayetaka kujua kama namtania. Kisha akaichukua simu, akaisogeza, akaitenga mbali na macho. Nikaona midomo yake inafunguka kidogo.

"Huyu anakaa ziwa gani?"

"Wa baharini, baba. Nasikia baharini kuna vituko."

"Nyavu si atazichana zote?"

"Sijui."

"Na upanga wenyewe, anakata nao au anachoma nao?"

"Sijui, baba."

"Akiwinda wenzake anawapiga kwa ubavu, nadhani. Ukimchoma mtu na kitu kirefu hivyo kikanasa, utakitoaje na huna mikono?" Akafikiri. "Sasa mwanangu, wewe kwenye hii habari unajua nini?"

Hakulisema kwa ubaya. Nikacheka, naye akaniambia nirudishe mwanzo. Tuliitazama ile video mpaka bando likakata. Aliniuliza wale watu wanamvua kwa nini, kwa nyavu au kwa mshipi, na kama hutoka mchana au usiku, na kama nyama yake ina miiba. Nilikuwa sijui lolote, lakini tulikuwa tunakisia pamoja, na katika miezi yote aliyokaa kwangu sikuwahi kusikia sauti yake ikiendelea kwa muda mrefu namna ile. Kwenye vipande vile aliniambia nisimamishe.

"Kichwa kimekwenda wapi?"

"Hawakuonyesha."

"Wanakula, wanacheka, na kichwa hakipo. Nani kapewa?"

Nilisema sijui tena. Halafu, bila kupanga, nikasema kesho ni Ijumaa na nitapika hivyohivyo. Huyo wa upanga hatutampata, lakini sangala ana nyama nene, atafaa. Mzee akanirudishia simu.

"Jaribu, watu wa juu," alisema. Palikuwa na tabasamu kwenye pembe ya mdomo. "Jumamosi nina safari, usiniumize tumbo."

Ijumaa asubuhi niliamkia sokoni. Gari lilikuwa limepanda kutoka ziwani usiku, na sangala mmoja mkubwa alikuwa kwenye barafu, macho bado maangavu. Nikamwambia muuzaji nataka sehemu ya katikati tu, vipande vya unene wa vidole viwili. Aliniuliza kama nina ugomvi na huyo samaki. Mama aliyekuwa nyuma yangu akakidaka kichwa kabla damu haijakauka kwenye kisu, na mimi kwa haraka yangu sikuwaza kitu, nikalipa nikaondoka.

Mengine yalinisumbua. Dukani niliulizia mafuta ya zeituni, kijana wa dukani akaniuliza, "Ya kupaka mtoto au ya kuombewa?" Nilipomwambia ya kukaangia samaki alinionyesha kichupa kidogo kama cha dawa ya macho. Nikanunua alizeti, ambayo angalau najua imekamuliwa hapahapa mjini. Zeituni zenyewe hazikuwepo, wala vile vitu vya kijani. Kwa kuwa nilikisia vina uchachu na chumvi, nikachukua achari ya ndimu, nikajiambia nitaikatakata ndogo. Divai niliiacha. Divai ninayoijua mimi ni ile ya altareni, na sikuona namna ya kumwagia samaki na moyo wangu ukatulia.

Jioni nikawasha mkaa. Nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikamimina kwenye beseni, nikaanza kutumbukiza vipande vya samaki huku nikimenya kitunguu saumu. Nilifanya hivyo bila kufikiri. Huku juu samaki tuliyekua naye ni mkavu, wa jua au wa moshi, amesafiri kwenye magunia na ana mchanga na chumvi. Hakuna mwanamke hapa kwetu atakayemweka kwenye sufuria kabla hajamlowesha kwenye maji ya moto. Mama yangu hufanya hivyo. Bibi yangu alifanya hivyo. Na mimi, samaki mbichi walipoanza kupatikana kirahisi mjini, nikaendelea kufanya vilevile, mbichi na mkavu sawasawa, na hapakuwahi kutokea mtu wa kuniuliza.

"Unamfua au unampika?"

Niligeuka. Baba mkwe alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, koti lake begani. Hakuwahi kuvuka lile pazia tangu afike kwangu. Nikashindwa kujua nipige goti au nifunike beseni.

"Namtoa shombo, baba."

"Shombo ipi? Huyu jana alikuwa anaogelea." Akasogea, akainama, akatazama mle ndani. "Siku zote unamfanya hivi?"

"Ndiyo, baba."

"Sangala wote ule niliokula?"

"Wote."

Mzee alianza kucheka. Alicheka taratibu, kisha akashika ukuta, na machozi yakamtoka. "Kumbe nimekula maji ya kufulia tangu masika," alisema. Binti zangu nao wakaanza, wakijaribu kuficha nyuso. Mimi uso ulikuwa unanichoma. Nilitaka kukasirika na hasira ikawa haitoki vizuri, maana alikuwa na haki, na maana sikuwa nimewahi kumwona mtu huyu akicheka. Vipande vilivyokwisha kuingia majini vilikuwa vimekuwa vyeupe, na nilipoviinua vikavunjika mkononi. Vilivyobaki kwenye sahani alivisukuma mbali na beseni kwa kidole, kama anayeviokoa.

Akavuta kigoda akakaa. Sikujua sheria ya baba mkwe aliyekaa jikoni, kwa hiyo nikafanya kama simwoni, nikaweka kikaango. Mafuta yalipopata moto nikatia kitunguu saumu, kisha samaki. Mzee akasema anahitaji maji kidogo, kwao ziwani hupikwa na maji na nyanya na chumvi, hakuna zaidi. Akashika hadi kikombe.

"Yule mama hakutia maji, baba."

"Ataungua."

"Tuone kwanza."

Aliurudisha mkono. Nikageuza vipande, na vilikuwa na rangi ya kahawia nzuri ya ukoko wa mkate. Nikamimina nyanya, achari, na vile vipande vilivyovunjika nikavitia humohumo kwenye rojo, maana kutupa samaki siwezi. Ndimu ikapanda, giligilani ya kwenye achari ikapanda, jiko lote likanukia kitu ambacho hakikuwa cha kwetu wala cha wale wa kwenye video. Mzee alinusa kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Mimi kila mara nilitaka kuongeza muda, maana samaki kuiva kwa huku kwetu ni mpaka mfupa ulegee. Yeye ndiye aliyesema, "Mwepue. Ameiva."

Ndipo nilipochukua bakuli lake. Nikasimama nalo mbele ya kikaango, na mkono ukakosa pa kwenda. Hapakuwa na kichwa. Hapakuwa hata na mkia wa kuninusuru. Vilikuwa vipande vya katikati vinavyolingana, vingine vizima na vingine vimevurugika ndani ya nyanya, na hapakuwa na hata kimoja ambacho ungesema hiki ni cha baba. Nikakumbuka yule mama wa sokoni na mkono wake mwepesi. Miaka yote ya kulelewa vizuri, na mzee ananiondokea kesho yake, na chakula cha mwisho namwekea kipande kama cha mtoto wa shule.

"Unangoja nini?" aliuliza.

"Kichwa, baba. Nimekiacha sokoni."

Watoto waliacha kucheka. Mzee akatazama kikaango, akanitazama mimi na bakuli langu.

"Basi hapa hakuna mkubwa," alisema. "Leta ugali. Weka hapo chini, katikati."

"Baba, nimeshatandika sebuleni."

"Weka hapo."

Nikaweka. Ugali upande mmoja, kikaango kwenye kata ya nguo, na sisi tumekizunguka. Watoto wakanawa. Mimi nikarudi nyuma kuelekea mlangoni, na akasema bila kuinua kichwa, "Na wewe kaa." Nilikaa upande, nusu nimempa mgongo, mkono mmoja umeshika kanga. Alimega tonge, akalichovya, akavunja samaki, akala. Akamega tena. Sitasema chakula kilikuwa kizuri kupita kiasi. Ile achari ilikuwa nyingi, na ndimu ilikaza meno. Lakini samaki alikuwa laini na mwenye utamu, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba samaki mbichi ana ladha yake mwenyewe, na kwamba maisha yangu yote nilikuwa naimwaga na maji.

Mume wangu alifika tukiwa katikati. Alisimama mlangoni kama aliyeingia nyumba siyo. Baba yake akamwonyesha pa kukaa kwa kidevu, na akakaa, buti na vumbi la mahindi na vyote.

Tulipofikia kukwangua rojo, mzee alianza kusema, na alikuwa anakiambia kikaango zaidi kuliko sisi. "Tukitoka majini tulikula sinia moja, mikono sita, saba. Nyumbani nilikula na mama yenu, chombo kimoja, mpaka wiki ile aliyoondoka. Halafu nikabaki na sahani. Nikaja huku, mkaniwekea kitambaa."

"Kitambaa ni heshima, baba," nilisema.

"Najua ni heshima. Ndiyo maana sikusema." Akalamba kidole. "Mtu akila peke yake anajisikia anavyotafuna. Unasikia taya. Unachoka."

Mume wangu aliinama. Mimi nilijisikia vibaya na sikutaka kulia mbele ya watoto, nikaanza kukusanya vyombo kabla hawajamaliza. Nilikuwa nimelaumu karanga, nimelaumu chumvi, nimelaumu utani wa watu wa ziwani. Hakuna aliyefikiria kutazama lile pazia, ambalo kila siku nililirudisha kwa mkono wangu mwenyewe, polepole, nisimsumbue. Lakini hakusema lolote kuhusu safari. Begi lake lilikuwa limefungwa tangu Alhamisi, liko pale pembeni ya kiti, na alipokwenda kulala halikufunguliwa. Mume wangu aliniuliza chumbani nadhani itakuwaje, nikamwambia kwamba kwa mara ya kwanza sitaki kuuliza.

Asubuhi niliamka na upepo, nikachemsha chai, na mkono ukaandaa sinia la sebuleni kwa mazoea: kikombe, kitambaa, viazi. Nilipotoka nalo nikakutana na mzee ukumbini. Alilichukua sinia mikononi mwangu, akapita nalo, akaingia jikoni. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda kati ya binti zangu, wamekiweka katikati kile kikaango cha jana, wanapasha rojo na viporo vya ugali, na anawaeleza jinsi anavyodhani yule samaki anavyogeuka majini na upanga mrefu vile bila kujichoma. Mdogo alikuwa anabisha.

Gari likapiga honi nje. Likapiga tena. Nilisubiri anyanyuke, na nikaona hanyanyuki, na nikaogopa labda hajasikia, kwa sababu upepo ulikuwa mkali na masikio yake si ya zamani. Nikasogea mpaka pale walipo.

"Baba, gari limefika. Dereva anakuita."

Alimega tonge, akalichovya, akalisukuma upande wangu wa kikaango na kunisogezea nafasi.

"Mwambie nakula."